Kutoa DNA ya samaki wa Ziwa Victoria: kutoka mwaloni mpaka kwenye jeli

Maswali ni yaleyale kila muhula. "Mwalimu, pezi nimelihifadhi kwenye spiriti ya bluu, litafaa?" "Jeli haina kitu, nirudie PCR?" "Kwa COI naweza kujua furu huyu ni wa aina gani?" Majibu mafupi: litakusumbua, usirudie kwanza, hapana. (COI ni jeni la mitokondria linalotumika kutambua aina za samaki; PCR na jeli nazieleza hapo chini.) Majibu marefu nimeyaweka hapa, ili ukinifuata koridoni na tyubu mkononi nikuulize kama umeshasoma.

Nakuandikia wewe unayeanza utafiti wa molekuli katika chuo cha hapa Mwanza au kwingine pembezoni mwa ziwa, hasa kama ulisomea uvuvi au ekolojia na sasa profesa amekwambia "ongeza na DNA kidogo". Njia nitakayoeleza inatumia chumvi badala ya klorofomu. Ni nafuu, haihitaji chumba cha kuvutia mvuke, na kwa pezi la samaki inatosha kabisa.

Jambo moja nitalirudia mpaka likuchoshe: kazi nyingi za DNA huharibikia mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na kwenye pipeti. Mashine ya PCR hulaumiwa kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo yenye taa.

Nadharia ni hii tu. Sabuni kali (SDS) inapasua seli. Kimeng'enya cha proteinezi K kinakula protini. Chumvi nyingi inazifanya protini zilizobaki zigande na kuzama, DNA inabaki juu kwenye maji. Pombe inaiangusha DNA. PCR inanakili kipande kimoja cha DNA hiyo mamilioni ya mara, na jeli inakuonyesha kama kipande kimepatikana na kina urefu gani.

Kabla ya kuanza: vibali na watu

Uwe na barua ya chuo, idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako, na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale kinapohitajika. Kama sampuli zitasafiri nje ya nchi kwenda kusomwa, ruhusa ya kuzisafirisha ianze kushughulikiwa mapema, si siku friji inapojaa. Nimeona sampuli nzuri zikizeeka zikisubiri sahihi.

Ukifika mwaloni, iwe Igombe, Kayenze au kisiwani Ukerewe, anza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Shikamoo kwa wakubwa, na "mwangaluka" kama ni asubuhi na unaongea na Msukuma. Utaona sura zinavyofunguka. Eleza kwamba unataka kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, na kwamba samaki atabaki wa mwenyewe na ataendelea kuuzwa. Ukisema "sampuli ya utafiti" bila kufafanua, mvuvi anafikiria faini.

Kama unafuatilia dagaa, angalia mwezi kabla ya kupanga safari. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na wakati wa mbalamwezi boti nyingi hukaa nchi kavu. Kuna mwanafunzi alikodi gari siku nne za mwezi mpevu. Alirudi na picha nzuri za machweo.

Vifaa vya mwaloni

- Tyubu za mililita 2 zenye kifuniko cha kusokota
- Ethanoli ya asilimia 96 au zaidi, isiyotiwa rangi
- Mikasi miwili midogo na koleo
- Jiki iliyochanganywa, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, kwenye chupa yenye mdomo mpana
- Maji safi ya kusuuzia na karatasi za kufutia
- Penseli, karatasi ngumu iliyokatwa vipande vidogo, na daftari
- Glavu na buti ndefu za mpira

Buti si urembo. Kichocho kipo kwenye fukwe hizi, na konokono wanaokibeba hukaa palepale penye majani ambapo utatamani kuingia. Usitembee majini miguu mitupu kwa sababu tu watoto wanaogelea hapo.

Vifaa na kemikali za maabara

Sentrifuji ndogo inayofika 10,000 g, beseni la maji ya moto au hita ya tyubu, pipeti tatu (mikrolita 10, 200 na 1000), mashine ya PCR, tangi la jeli na chanzo chake cha umeme, mizani, friji na frija. Frija ya kawaida ya dukani inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri inatosha.

Kemikali utakazotengeneza mwenyewe:

- Bafa ya kuvunjia seli, mililita 100: NaCl gramu 2.34, Tris ya 1 M yenye pH 8 mililita 1, EDTA ya 0.5 M yenye pH 8 mililita 0.4, kisha maji mpaka 100.
- SDS ya asilimia 20: gramu 20 kwa mililita 100. Vaa barakoa unapopima. Unga wake ukiingia puani utapiga chafya hadi jioni.
- NaCl ya 6 M: gramu 35 kwa mililita 100. Pasha moto taratibu mpaka iyeyuke.
- Isopropanoli, na ethanoli ya asilimia 70 iliyopoa.
- Tris ya 10 mM, pH 8, ya kuyeyushia DNA mwishoni.
- TAE ya 50X (bafa ya jeli), lita 1: Tris gramu 242, asidi ya asetiki isiyo na maji mililita 57.1, EDTA ya 0.5 M mililita 100. Ya kutumia ni 1X, yaani mililita 20 kwa lita.

EDTA "haiyeyuki"? Haiyeyuki kweli, mpaka pH ikaribie 8. Ongeza hidroksidi ya sodiamu kidogokidogo huku ukikoroga. Maji yatang'aa ghafla. Usiongeze maji kwa hasira.

Chumvi ya mezani ina madini joto na viongezi vya kuizuia isigande. Kwa onyesho la sekondari ni sawa, kwa kazi hii hapana. Maji ya TAE yanaweza kuwa yale yaliyosafishwa ya betri kutoka kituo cha mafuta, mradi usome chupa vizuri: jirani yake rafuni ni asidi. Maji ya PCR ni mengine kabisa, yale ya maabara, yaliyogawanywa kwenye tyubu ndogondogo.

Vya kununua: proteinezi K (miligramu 20 kwa mililita), masta miksi ya 2X (mchanganyiko tayari wenye kimeng'enya cha PCR), praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR ianzie wapi), agarosi (unga wa jeli), rangi ya DNA, na lada ya 100, ile DNA yenye vipande vya urefu unaojulikana. Praima za COI za samaki zinazotumika sana ni FishF1, TCAACCAACCACAAAGACATTGGCAC, na FishR1, TAGACTTCTGGGTGGCCAAAGAATCA. Hesabu herufi kabla ya kuagiza: zote mbili zina 26. Herufi moja ikiruka, umelipia mwezi wa kusubiri.

Sehemu ya kwanza: mwaloni

1. Andika namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu na ukitumbukize ndani ya tyubu. Andika tena juu ya kifuniko ukipenda, ila usikitegemee. Ethanoli hufuta wino wa kalamu na hata wa maka nyingi zinazojiita za kudumu. Penseli haifutiki.

2. Chagua samaki aliyevuliwa karibuni. Mpige picha ubavu wa kushoto, namba yake ikiwa pembeni, kabla hujamkata. Picha hiyo itakuokoa siku mfuatano utakaposema sangara na daftari likasema sato.

3. Kata kipande cha pezi cha nusu sentimita hivi. Kwa dagaa, chukua mkia wote. Angalia miiba: ya gogogo inachoma na kidonda chake kinauma siku kadhaa.

4. Kiweke kwenye ethanoli, ujazo wa pombe uwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi kuliko popote. Mtu anajaza tyubu minofu, anamimina pombe mpaka iguse, anafunga. Maji yaliyo ndani ya nyama yanaizimua pombe, na DNA inaoza polepole ndani ya tyubu inayoonekana nzuri. Kipande kidogo ndiyo sampuli nzuri.

5. Safisha mkasi kati ya samaki na samaki: futa ute na magamba, tumbukiza kwenye jiki kwa nusu dakika, suuza kwa maji, kausha. Ndiyo maana nimesema mikasi miwili: mmoja unakata, mwingine unaoga. Meza ya kupimia samaki ina ute wa samaki mia waliotangulia. Usiweke pezi lako juu yake, na wala usimwoshe samaki kwa maji ya barafu iliyoyeyuka karaini.

6. Andika mahali samaki alipovuliwa, si mahali ulipomkuta. Samaki wa soko la Mwaloni Kirumba hutoka sehemu nyingi za ziwa. Ukimnunua pale ukaandika "Ghuba ya Mwanza", umetunga. Muulize mvuvi mwenyewe, na kama muuzaji hajui, andika "hajulikani".

7. Kesho yake mwaga ethanoli ya kwanza, weka mpya, na tyubu zikae kwenye friji. Usiziache garini juani.

Nisisitize vya kuepuka. Fomalini inaunganisha DNA na protini na kuikatakata. Samaki wa makumbusho waliohifadhiwa hivyo ni kazi ya watu wenye maabara nyingine na subira nyingine. Spiriti ya bluu ina rangi na vichanganyo vinavyoweza kuisumbua PCR. Na ndiyo, nimeulizwa kuhusu gongo: hujui ina maji kiasi gani, kwa hiyo acha.

Sehemu ya pili: kutoa DNA

Kama hujawahi kushika pipeti, tenga saa moja kabla ya siku ya kazi. Kitufe chake kina vituo viwili: cha kwanza ni cha kuvutia, cha pili ni cha kutemea tone la mwisho. Ukivuta kutoka kituo cha pili unachukua zaidi ya ulichopanga, kila mara, bila kujua. Weka tyubu kwenye mizani, ongeza mikrolita 100 za maji. Inatakiwa isome gramu 0.1. Rudia mara 10. Zikikaribiana, uko tayari. Zikiyumba, tatizo ni kidole chako.

8. Toa kipande cha pezi, kikandamize kwenye karatasi safi mpaka pombe iishe. Pombe iliyobaki inapunguza nguvu ya proteinezi K. Katakata vipande vidogo sana kwa wembe mpya. Kadiri ya punje mbili za mchele zinatosha.

9. Kwenye tyubu ya mililita 1.5 weka pezi, mikrolita 400 za bafa ya kuvunjia, mikrolita 40 za SDS na mikrolita 8 za proteinezi K. Andaa pia tyubu moja yenye vyote hivyo bila pezi. Ipe namba kama samaki mwingine na uipitishe kila hatua. Hiyo ndiyo kontroli hasi ya utoaji, na ndiyo ya kwanza kuachwa na watu wenye haraka.

10. Weka kwenye nyuzi 55 mpaka 60 kwa saa tatu au usiku kucha, mpaka ubaki mwiba tu wa pezi. Umeme ukikatika usiku, na utakatika, beseni linapoa. Dawa yangu ni chupa ya chai: mimina maji ya nyuzi 60, funga tyubu kwenye mfuko wa plastiki, tumbukiza, funga chupa. Asubuhi maji bado yana joto la kutosha na proteinezi imefanya kazi yake. Chupa hiyo isirudi jikoni.

11. Ongeza mikrolita 300 za NaCl ya 6 M. Tikisa kwa nguvu sekunde 30. Itageuka maziwa, vizuri.

12. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g, dakika 30. Angalia: g si mizunguko kwa dakika. Pima kwa rula kutoka katikati ya rota mpaka mwisho wa tyubu. Kama ni sentimita 8.4, basi 10,000 g ni kama mizunguko 10,300 kwa dakika. Na tyubu zikae zikitazamana kwa uzito sawa, vinginevyo sentrifuji itatembea mezani kama daladala isiyo na breki.

13. Hamisha mikrolita 600 za maji ya juu kwenda tyubu mpya. Usiguse utando mweupe chini. Ni afadhali uache 100 kuliko kuchota protini.

14. Ongeza isopropanoli mikrolita 600. Pindua taratibu mara 20. Wakati mwingine utaona nyuzi nyeupe kama utandu wa buibui. Kwa pezi dogo huenda usione kitu; usikate tamaa. Weka kwenye frija saa moja.

15. Zungusha tena dakika 20. Kabla hujaweka tyubu ndani, elekeza bawaba za vifuniko zote upande wa nje. Mashapo yatakaa chini ya bawaba hata kama huyaoni.

16. Mwaga kwa uangalifu, ongeza ethanoli ya asilimia 70 mikrolita 500, zungusha dakika 5, mwaga tena. Hii inaosha chumvi. Kwa njia hii ya chumvi mimi huosha mara mbili.

17. Acha wazi ikauke dakika 10 mpaka 15, isiwe chini ya feni inayopuliza vumbi. Harufu ya pombe ikiisha, yeyusha kwa mikrolita 100 za Tris. Ukikausha saa nzima DNA inakuwa ngumu kuyeyuka. Gawa kwenye tyubu mbili: ya kazi kwenye friji, ya akiba kwenye frija.

Kama mna kipimo cha mwanga, uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 1.8. Chini ya 1.6 kuna protini. Ule wa 260 kwa 230 ukiwa chini sana, chumvi au SDS imebaki; rudi hatua ya 16.

Sehemu ya tatu: PCR

Tenga meza mbili. Kwenye meza ya kuchanganyia masta miksi, pezi halifiki, DNA haifiki, na matokeo ya PCR ya jana hayafunguliwi. Kama chumba ni kimoja, chora mstari kwa gundi ya karatasi na uwe mkali kama mlinzi wa benki.

18. Hesabu. Una samaki 8, kontroli hasi 1 na kontroli chanya 1 (DNA iliyowahi kufanya kazi): jumla 10. Ile tyubu ya utoaji isiyo na pezi ihesabu kama mmoja wa hao 8. Tengeneza mchanganyiko wa 11, kwa sababu pipeti hula kidogo: masta miksi mikrolita 137.5, praima ya mbele (10 µM) 11, praima ya nyuma 11, maji 93.5.

19. Gawa mikrolita 23 kwa kila tyubu, kisha peleka kwenye meza ya DNA na uongeze mikrolita 2 za DNA. Kontroli hasi inapewa maji, na inapewa mwisho kabisa, ili ibebe kila uchafu ulioingia njiani. Ncha mpya kila mara. Kila mara.

20. Weka programu: nyuzi 95 dakika 2; kisha mizunguko 35 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 54 sekunde 30, nyuzi 72 dakika 1; malizia na nyuzi 72 dakika 10. Soma karatasi ya masta miksi yako, maana baadhi ya vimeng'enya huhitaji dakika zaidi mwanzoni. Hakikisha mashine iko kwenye UPS. Stabilaiza peke yake inazuia umeme wa kuruka, haizuii giza.

Sehemu ya nne: jeli

21. Pima agarosi gramu 1.5 kwa mililita 100 za TAE ya 1X. Pasha moto mpaka uone hakuna chembe hata moja inayoelea. Usikae ukingoja kipimajoto kifike 100: ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Vaa glavu nene. Agarosi inaweza kutulia kisha ikafoka ukiitikisa.

22. Ipoe mpaka uweze kuishika chupa, weka rangi, mimina, weka kitana, subiri nusu saa. Kama maabara yako bado inatumia ethidiamu bromidi, iwe na kona yake, glavu zake na chombo chake cha taka. Isimwagwe kwenye sinki. Kama unaagiza sasa, agiza zile rangi mpya zenye madhara madogo.

23. Zamisha jeli kwenye TAE ya 1X (si maji, nitakuja hapo), weka mikrolita 5 za kila sampuli pamoja na rangi ya kuzamishia, na lada upande mmoja. Visima viwe upande mweusi. DNA ina chaji hasi, inakimbilia nyekundu. Volti 100, dakika 40.

24. Tazama kwenye mwanga wa urujuanimno ukiwa umevaa kinga ya uso. Unatafuta mstari mmoja mkali kati ya herufi 600 na 800. Piga picha, ibandike daftarini, andika kila kisima ni nani.

Baada ya jeli

Matokeo yenye mstari mmoja husafishwa na kupelekwa kusomwa mfuatano, pande zote mbili. Yakirudi, angalia vilele vya rangi kwa macho yako kabla hujanakili herufi. Kata mwanzo na mwisho palipovurugika. Kisha linganisha na hifadhi za GenBank na BOLD. Tafsiri pia mfuatano kwa kanuni ya mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo: ukikuta alama ya kusimama katikati, umesoma vibaya au umenakili kivuli cha jeni kilichohamia kwenye kiini.

Sasa furu. Kipande hiki cha COI kinatenganisha vizuri sangara, dagaa, kamongo, ningu na sato. Furu hakiwawezi. Ziwa lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na mamia ya aina za furu tunazoziona zimetokea au kutawanyika tangu lilipojaa tena. Kwa jeni hili wengi wao wanafanana. Atakayekuambia ametambua aina ya furu kwa COI peke yake, mwombe picha ya samaki.

Na kuna mtego wa sato na ngege. Sato aliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, ngege ni mwenyeji, na wanaweza kuzaliana. Mitokondria hutoka kwa mama tu. Chotara mwenye mama ngege atasomeka ngege mtupu. Kama swali lako ni machotara, unahitaji alama za DNA ya kiini, na unahitaji kumwambia msimamizi wako sasa, si siku ya utetezi.

Pakienda kombo

*Jeli haina chochote, hata lada.* Hukuweka rangi, au ulizamisha jeli kwenye maji matupu badala ya TAE, au ulimwaga TAE ya 50X bila kuizimua. Hiyo ya mwisho utaijua kwa joto: jeli inaanza kulainika.

*Lada ipo, kontroli chanya ipo, samaki wako hawapo.* Usirudie PCR vilevile. Zimua DNA mara 10 kwa maji na ujaribu tena. Mara nyingi tatizo ni chumvi, SDS au ute kuzidi, wala DNA haijakosekana. Ikishindikana, ongeza BSA (protini inayofunga vizuizi vya PCR) kwenye mchanganyiko. Ikishindikana tena, pitisha DNA yenyewe kwenye jeli ya asilimia 1: ukiona moshi mrefu chini bila mstari juu, ilivunjika mwaloni, na hakuna mashine itakayoiunga.

*Hata kontroli chanya haipo.* Ulisahau kitu kwenye mchanganyiko, au masta miksi imeganda na kuyeyuka mara nyingi kwa sababu ya umeme. Igawe kwenye tyubu ndogo siku inapofika.

*Kontroli hasi ina mstari.* Tupa matokeo yote ya siku hiyo, hata yale mazuri. Hasa yale mazuri. Mimi ilinichukua wiki tatu kugundua kwamba chupa yangu ya maji ya PCR ilikuwa ikifunguliwa kwenye meza tuliyokatia mapezi. Nilibadilisha praima, nikabadilisha masta miksi, nikamsingizia mwenzangu. Anza na maji, ndiyo rahisi kubadilisha. Kisha pipeti: zifute kwa jiki.

*Kuna mstari hafifu chini kabisa, chini ya 100.* Praima zimeshikana zenyewe. Kama mstari wako wa 600 na kitu upo, puuza. Kama haupo, DNA ni kidogo mno.

*Mistari miwili au mitatu.* Pandisha nyuzi 54 ziwe 56, kisha 58. Ikibaki vilevile, uliza kama mkasi ulioga.

*Umeme ulikatika katikati ya PCR.* Kama ilikuwa ndani ya mizunguko 10 ya mwanzo, anza upya. Kama ilibaki mizunguko michache, pitisha mikrolita 5 kwenye jeli kwanza. Nimewahi kupata mstari mzuri kwa mizunguko 29. Ukikatika wakati wa jeli, usiiache mpaka jioni: mistari inatawanyika kama mchuzi. Ipige picha kwa tochi ya urujuanimno kama unayo, au uitupe na upakie nyingine, ndiyo maana hatukupakia mikrolita zote 25.

*Dagaa mkavu au sangara wa moshi hatoi kitu.* Jua na moto vimekata DNA vipande vifupi. Chota nyama ya ndani karibu na uti wa mgongo, loweka kwenye bafa usiku kucha kabla ya proteinezi, na utafute praima za kipande kifupi, cha herufi 150 mpaka 300. FishF1 na FishR1 zinataka kipande kirefu, na kwa samaki huyo mara nyingi hakipo tena.